Teknolojia: Kitasa cha Linux kilichokaa na tundu karibu miaka 10, na vitu ambavyo neno lako la siri halivilindi

Siku ya Jumanne tarehe 26 Januari 2021, wachunguzi wa usalama wa kampuni ya Qualys ya Marekani walitoa habari iliyowakosesha usingizi watunzaji wa kompyuta wa nchi nyingi. Programu ndogo iitwayo sudo, ambayo imo karibu katika kila kompyuta ya Linux, ilikuwa na kasoro. Mtu yeyote aliyekwisha kuingia katika kompyuta, hata yule asiyepewa ruhusa yoyote, hata asiyejua neno la siri la mtu yeyote, aliweza kuitumia kasoro hiyo na kugeuka mkubwa wa mashine nzima. Iliingizwa ndani ya sudo mwezi Julai 2011. Ilikaa humo karibu miaka 10.

Qualys hawakuishia kusema tu. Walijaribu wenyewe kwenye Ubuntu 20.04, Debian 10 na Fedora 33, na kote walifaulu. Hizo si seva za benki peke yake. Ni zilezile aina za Linux ambazo mwanafunzi, mwalimu au mwenye biro ndogo huweka kwenye laptopu ya mtumba, kwa sababu hazilipiwi na zinakubali mashine za zamani.

Wachunguzi hao waliipa kasoro jina la utani: Baron Samedit. Msomaji aliyepita shule ya Kifaransa ataona ndani yake siku ya Jumamosi. Baron Samedi ni bwana wa makaburi katika dini ya vodou ya Haiti. Waliongeza herufi moja mwishoni ili jina lifanane na sudoedit, ambalo ni jina la pili la programu ileile.

Dawa ilitolewa siku hiyohiyo. Aliyesasisha kompyuta yake alipona. Lakini habari ile iliacha swali ambalo linamhusu kila mwenye kutumia Linux nyumbani: ufunguo huu tunaoombwa kila tunapotaka kuweka programu mpya, unalinda nini hasa?

Sentineli mwenye funguo zote mfukoni

Kwanza ni lazima kumjua root. Katika kila kompyuta ya Linux kuna mtumiaji wa jina hilo, hata kama hakuna mtu aliyewahi kuingia kwa jina hilo. Root anaweza kusoma faili za kila mtu, kufuta disiki nzima, kuweka programu na kuziondoa, kubadilisha neno la siri la mwingine. Mashine haimuulizi sababu. Watumiaji wengine wote ni kama wapangaji: kila mmoja ana chumba chake, anakipanga apendavyo, lakini haruhusiwi kugusa nguzo za nyumba.

Sudo ni njia ya kuazima nguvu za root kwa kazi moja. Mtu anaandika sudo, kisha amri anayoitaka. Mashine inamwomba neno lake la siri yeye mwenyewe, si la root, halafu inatazama katika orodha iitwayo sudoers kama ameruhusiwa. Kama ndiyo, amri inapita. Kwenye Ubuntu mashine inamkumbuka kwa dakika 15, ili asichoke kuandika neno lilelile kila mara.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ili sudo iweze kumpa mtu nguvu za root, lazima yenyewe iwe nazo tayari. Faili yake ina alama maalum iitwayo setuid: yeyote anayeiamsha, programu inaamka ikiwa root, kabla hata haijauliza neno la siri. Alama hiyo ni uvumbuzi wa Dennis Ritchie, mmoja wa mababa wa Unix, ambaye aliiombea hati ya uvumbuzi mwaka 1973 na kuipata mwaka 1979.

Ni kama sentineli wa parseli anayebeba funguo za vyumba vyote mfukoni na kumuuliza kila mgeni pale mlangoni. Kama ana akili timamu, nyumba iko salama. Lakini mgeni akipata maneno ya kumchanganya, hana haja ya kuvunja mlango wowote. Funguo ziko palepale mfukoni.

Mwaka 2021 maneno ya kumchanganya sudo yalikuwa mafupi ajabu. Ilikuwa alama moja ya klavye, ule mstari uliolala ambao kwa Kifaransa huitwa antislash, ukiwekwa mwisho kabisa wa amri. Sudo ilipoikuta alama hiyo iliiruka na kuchukua herufi inayofuata, kama ilivyofundishwa. Lakini hapo herufi inayofuata ilikuwa ndiyo ile inayoiambia programu kwamba maneno yameisha. Basi haikuona mwisho. Iliendelea kunakili, ikavuka mpaka wa nafasi yake katika memori na kuandika juu ya vitu visivyo vyake. Aliyejua kupanga kitakachoandikwa pale aliondoka na funguo zote.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Januari 2022, Qualys hao hao walitangaza kasoro ndugu. Safari hii ilikuwa katika pkexec, programu nyingine inayofanya kazi kama ya sudo, na ambayo ni sehemu ya mfumo wa polkit unaoleta kile kidirisha cha kuomba neno la siri kwenye skrini za Linux nyingi. Tundu lilikuwamo tangu toleo la kwanza kabisa la pkexec, mwezi Mei 2009. Zaidi ya miaka 12.

Mashine moja, watu wengi

Sudo haikuzaliwa kwa ajili ya laptopu. Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliiandika karibu mwaka 1980 katika idara ya kompyuta ya chuo kikuu cha jimbo la New York kule Buffalo, kwenye mashine ya aina ya VAX-11/750. Kompyuta za namna hiyo zilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye skrini yake. Katika mazingira yale hofu kubwa ilikuwa kati ya wenyeji wenyewe: mwanafunzi asome faili za mwalimu, mtu afute kazi ya mwenzake kwa bahati mbaya, au msaidizi apewe neno la siri la root kwa kazi ndogo tu, kesho yake idara nzima inalijua. Kwa sudo, msaidizi alipewa kazi yake bila kupewa ufunguo, na jina lake lilibaki kwenye daftari la mashine.

Alama za maisha yale bado zimo ndani ya programu. Katika kompyuta nyingi, anayetumia sudo kwa mara ya kwanza hupokea somo fupi: aheshimu siri za wengine, afikiri kabla ya kuandika, ajue kwamba nguvu kubwa inaleta mzigo mkubwa. Na asiyekuwa kwenye orodha, kwa miaka mingi alijibiwa kwamba kosa lake litaripotiwa. Kwa nani? Katika chuo, kwa msimamizi. Katika laptopu ya mtu mmoja aliye peke yake chumbani, ripoti ile iliandikwa katika daftari ambalo hakuna anayelifungua, na siri za wengine alizoagizwa kuziheshimu hazikuwapo, maana wengine hawapo.

Linux ilipoanza kuingia kwenye meza za watu wa kawaida, kila timu ilijibu swali la root kivyake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lindows ya Michael Robertson, iliyotaka kuwavuta watu wa Windows, ilimwacha mwenye kompyuta afanye kazi zake zote akiwa root. Ilikuwa rahisi, na ilikuwa hatari: programu mbaya ikiingia kwa barua pepe, inakuta milango yote wazi. Watu wa Linux waliilaumu sana kwa hilo.

Debian, kwa upande wake, ilikuwa ikimwomba mtu maneno mawili ya siri wakati wa kuiweka: moja la root, lingine la kwake. Hata leo inauliza hivyo, lakini ukiacha nafasi ya root bila kuandika kitu, inamfunga root na kumpa sudo mtumiaji wa kwanza.

Njia hiyo ya pili ilipata umaarufu kwa Ubuntu. Toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004, likigharamiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ubuntu ndio utu. Humo root alifungiwa nje tangu siku ya kwanza. Hana neno la siri, hakuna anayeweza kuingia kwa jina lake. Anayeiweka Ubuntu anafungua akaunti moja, yake mwenyewe, na akaunti hiyo inaruhusiwa kutumia sudo. Neno moja la siri badala ya mawili. Wakongwe wa Unix walinung’unika, lakini uamuzi ulikuwa na hekima yake: watu waliopewa maneno mawili mara nyingi walisahau la root, au waliweka neno lilelile pande zote mbili.

Upande wa pili wa uamuzi huo ulionekana mwezi Machi 2006. Iligundulika kwamba programu ya kuweka Ubuntu 5.10 iliacha neno la siri la mtumiaji wa kwanza limeandikwa wazi, bila kufichwa, katika faili moja ya kumbukumbu ambayo kila mtumiaji wa kompyuta ile aliweza kuisoma. Na kwa kuwa neno hilo moja ndilo lililofungua sudo, aliyelisoma alikuwa amekwisha kuwa root. Marekebisho yalitoka haraka. Hata hivyo, katika chumba cha fotokopi au katika shule yenye kompyuta moja kwa watu wengi, kasoro ya namna ile si jambo dogo.

Fedora nayo ilionja joto mwezi Novemba 2009. Katika toleo lake la 12, mtu aliyekaa mbele ya mashine aliweza kuweka programu zilizotiwa sahihi na Fedora bila kuombwa neno la siri la root. Wazo lilikuwa kwamba programu hizo zinaaminika, basi kwa nini kumsumbua mtu? Wasimamizi wa kompyuta zinazotumiwa na watu wengi walipiga kelele mara moja, na katika siku chache Fedora ikarudisha ombi la neno la siri. Pande zote mbili zilikuwa na haki, kila mmoja akifikiria mashine yake: huyu laptopu ya nyumbani, yule chumba cha kompyuta cha chuo.

Mwizi asiyehitaji ufunguo

Tatizo la leo liko hapo. Katika mashine ya Buffalo, kitu cha thamani kilikuwa mashine yenyewe na kazi za wote. Katika laptopu ya mtu mmoja, thamani iko kwenye chumba cha mpangaji: picha, barua, mémoire ya mwisho wa masomo, hesabu za duka, orodha ya wanachama wa ushirika, maneno ya siri ambayo Firefox imeyatunza. Vyote hivyo viko chini ya akaunti ya kawaida. Programu mbaya ikianza kukimbia kwa jina la mtu huyo, inavisoma, inavituma mbali, inavifunga na kudai pesa, bila kuandika neno sudo hata mara moja. Nguzo za nyumba zimebaki salama. Chumba kimebebwa chote.

Nguzo zenyewe nazo haziko mbali. Programu iliyokwisha ingia katika akaunti ya mtu anayetumia sudo inaweza kuweka sudo ya bandia mbele ya ile ya kweli, kwa kubadilisha faili moja ndogo ambayo ni mali ya mtumiaji mwenyewe. Siku atakapoandika amri yake, neno la siri linaenda kwa mwizi kwanza. Na katika mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini, uitwao X11, kila programu ya mtumiaji iliweza kusikiliza herufi zote anazobonyeza katika dirisha jingine, neno la sudo likiwemo. Mfumo mpya, Wayland, umeuziba mlango huo. Fedora iliuweka kuwa wa kawaida tangu toleo la 25 mwaka 2016, na Ubuntu iliufuata moja kwa moja mwaka 2021. Kompyuta nyingi zilizowekwa zamani bado ziko kwenye X11.

Programu hiyo mbaya inaingiaje? Mara nyingi inafunguliwa mlango na mwenye nyumba. Tarehe 16 Julai 2025, mtu aliweka katika AUR, ghala ambamo watumiaji wa Arch Linux hupeana vifurushi wanavyotengeneza wenyewe, vifurushi vilivyojifanya Firefox iliyoboreshwa na vivinjari vingine. Ndani yake kulikuwa na Chaos RAT, programu ya kuongoza kompyuta ya mtu kutoka mbali. Siku mbili baadaye viliondolewa. Waliokuwa wameviweka kabla ya hapo walikuwa wameandika neno lao la siri kwa hiari, kwa sababu ndivyo programu huwekwa. Sudo iliuliza, ikajibiwa vizuri, ikapitisha.

Kisa cha Linux Mint kinatisha zaidi kwa watu wa hapa, ambako Linux hufika mara nyingi kwa flashi ya rafiki kuliko kwa intaneti. Tarehe 20 Februari 2016, wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kubadilisha kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 la Cinnamon. Aliyebofya siku hiyo alipelekwa kwenye seva ya Bulgaria, akapata Linux Mint yenye sura ileile, ikifanya kazi ileile, lakini ikiwa na mlango wa nyuma. Clement Lefebvre, mwanzilishi wa mradi huo, ndiye aliyetoa tangazo na kuwataka watu wakague faili zao. Katika kompyuta ya namna hiyo hakuna sudo inayoweza kusaidia: mwizi alikuwamo kabla ya sentineli kuajiriwa.

Ndiyo maana kila aina kubwa ya Linux huchapisha, kando ya faili ya kupakua, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256. Amri ya sha256sum ikitoa mfululizo ule ule, faili iko kama ilivyotoka kwa wenyewe. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, ni ya kutupa. Kazi hii inachukua dakika chache na haili mega nyingi, kwa sababu kinachohitajika kutoka mtandaoni ni mstari mmoja tu. Mtu aliyepokea Linux kwa mkono wa mwenzake ana sababu mara mbili ya kuifanya. Lakini afadhali asiuchukue mstari huo katika flashi ileile.

Kompyuta ikiondoka na mtu mwingine

Kuna kitu kingine ambacho wengi wanakiamini kimakosa: kwamba neno la siri la kuingilia litamzuia mwizi aliyebeba laptopu yenyewe. Halimzuii. Atachomeka flashi yenye Linux yake, awashe kompyuta kutoka hapo, na disiki itafunguka mbele yake kama daftari. Kwenye Ubuntu hata flashi si lazima. Mashine ikiwashwa katika hali ya uokoaji, inatoa nafasi ya kuwa root bila neno la siri, kwa kuwa root hana hilo neno. Hiyo si kasoro, iliwekwa hivyo makusudi ili kumsaidia aliyesahau neno lake.

Huko Goma na Bukavu, ambako nyumba, biro na ghala viliporwa mwanzoni mwa 2025, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Kompyuta ya shirika inaweza kuwa na majina ya waathirika, namba zao, mahali walipokimbilia. Kinachovilinda vitu hivyo ni kusimba disiki nzima, yaani kuifunga kwa namna ambayo bila neno la siri hakuna kinachosomeka humo, wala kwa flashi wala kwa kuihamisha disiki kwenye mashine nyingine. Linux hufanya hivyo kwa mfumo uitwao LUKS, bure, na programu za kuweka Ubuntu, Fedora, Debian na Linux Mint zote hutoa nafasi ya kuuchagua. Ila ni lazima kuuchagua siku ile ya kuweka. Baadaye kazi ni ngumu, na kwa watu wengi maana yake ni kuhamisha faili zote na kuanza upya. Na atakayesahau neno la LUKS asitafute fundi: hakuna wa kumfungulia.

Ulinzi huo una mpaka wake pia. Unafanya kazi wakati kompyuta imezimwa. Laptopu iliyofunikwa tu ikiwa imelala bado ina ufunguo katika memori yake. Anayeondoka biro kwa haraka afadhali aizime kabisa.

Mintarafu masasisho, hali ya hapa inajulikana: mega ni ghali, umeme unakatika, na kompyuta inakaa miezi bila kuguswa na sasisho lolote. Ubuntu huweka yenyewe masasisho ya usalama kila inapopata mtandao, tangu toleo la 16.04, lakini toleo likiisha muda wake, yanakoma. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04, ile ile ambayo Qualys waliifungua mwaka 2021, uliisha mwezi Mei 2025. Anayeendelea nayo anaweza kujiandikisha Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi kompyuta 5, na kuendelea kupokea masasisho ya usalama. Na mwenye mega chache anaweza kuchagua: kifurushi cha sudo peke yake hakifiki mega 2. Baada ya sudo apt update, amri ya sudo apt install --only-upgrade sudo inaleta hicho tu na kuacha vingine vingojee siku ya mtandao mzuri.

Mtu mmoja nyuma ya kitasa

Nani anakitunza kitasa hiki? Kwa zaidi ya miaka 30 ni mtu mmoja, Todd Miller, Mmarekani aliyeipokea sudo mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipokuwa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder. Wengine humsaidia kwa kumletea marekebisho, lakini anayeyapima na kuyakubali ni yeye. Kampuni ya Quest Software iligharamia kazi hiyo kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa 2024. Tangu hapo, katika ukurasa wake mwenyewe, Miller ametangaza kwamba anatafuta mfadhili wa kuendeleza kazi. Mabenki, majeshi, vyuo na makampuni makubwa ya mtandao yanategemea programu hiyo kila saa, na hakuna anayelipa senti kuitumia. Ni vigumu kusema kwamba utaratibu huu ni wa haki.

Kasoro nazo hazikukoma. Januari 2020, mwaka mmoja kabla ya Baron Samedit, tundu lilipatikana katika kitu kidogo sana: zile nyota zinazoonekana mtu anapoandika neno la siri. Kwa desturi sudo haionyeshi chochote, na wageni wengi wa Linux hudhani klavye imekufa. Linux Mint na elementary OS walizionea watu huruma, wakaziwasha nyota. Huruma hiyo ndiyo iliyowaweka watumiaji wao katika hatari, wakati Debian, iliyoziacha zimezimwa, haikuguswa.

Halafu tarehe 30 Juni 2025, mchunguzi Rich Mirch wa Stratascale alitangaza mawili kwa pamoja. Moja lilikuwa limejificha zaidi ya miaka 12. Lingine, lililoletwa na toleo la mwaka 2023, lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuidanganya sudo isome faili zake yeye badala ya zile za mashine, na kupata root. Mwisho wa Septemba 2025, CISA, idara ya serkali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa kompyuta, iliandika kasoro hiyo ya pili katika orodha ya zile ambazo wahalifu wamekwisha kuzitumia.

Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilitaka kubadilisha kitasa. Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, ndiyo ya kwanza kutumia sudo-rs kama sudo ya kawaida. Ni programu ileile iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust na timu iliyo chini ya shirika la Trifecta Tech Foundation la Uholanzi. Rust inakataa yenyewe makosa ya memori kama lile la Baron Samedit: programu ikijaribu kuvuka mpaka wa nafasi yake, inasimamishwa. Waandishi wake pia waliacha nje mambo mengi ya sudo ya zamani ambayo mtu wa kawaida hayatumii, kwa hoja kwamba kisichokuwepo hakiwezi kutoboka.

Mwezi uliofuata, Novemba 2025, sudo-rs nayo ilikutwa na kasoro. Mtu akianza kuandika neno lake la siri kisha akakawia bila kubonyeza kitufe cha mwisho, muda ulipoisha, herufi alizokuwa ameandika zilitokea wazi kwenye skrini. Haikumpa mtu root, na ilirekebishwa haraka. Rust isingeweza kuizuia, kwa sababu halikuwa kosa la memori.

Sudo ya Miller haikutupwa. Katika Ubuntu 25.10 bado imo, kwa jina la sudo.ws, na msimamizi anayeihitaji anaweza kuirudisha mahali pake kwa amri moja.